Makaratasi ya Kleist Sykes na masanduku ya Kariakoo

Kleist Sykes alifariki dunia mwaka 1949 akaacha urithi wa aina mbili. Wa kwanza ni ule ambao kila familia ya mjini inaujua: nyumba, jina, na watoto waliosomeshwa. Wa pili ulikuwa makaratasi. Kabla hajafa, mzee huyu mtumishi wa Reli, aliyekuwa katibu wa kwanza wa African Association, alikaa akaandika habari za maisha yake kwa mkono wake. Hakuna mchapishaji aliyemwagiza wala chuo kilichomlipa. Aliandika kwa sababu aliona mambo, na aliogopa yasipotee.

Karibu miaka ishirini baadaye mjukuu wake, Daisy Sykes, binti wa mwanawe Abdulwahid, akiwa mwanafunzi wa historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyachukua maandishi hayo akayafanyia kazi. Mwaka 1973 makala yake ilitoka ndani ya kitabu cha Modern Tanzanians kilichohaririwa na John Iliffe. Tangu siku hiyo hakuna anayeandika historia ya Dar es Salaam kwa umakini akamruka Kleist. Si kwamba alikuwa mtu mkubwa kuliko wenzake wote. Wenzake wengi walikuwa na mambo makubwa vilevile ya kusimulia, ila hawakuandika, au waliandika na sanduku likaliwa na mchwa.

Hilo ndilo linalonisumbua kila nikipita Kariakoo siku hizi. Nyumba za Kiswahili za vyumba sita, zenye baraza mbele na uani nyuma, zinaondoka moja moja. Leo unaiona, mwezi ujao pamezungushiwa mabati, mwaka ujao pamesimama ghorofa lenye maduka chini na stoo juu. Sina ugomvi na ghorofa. Kariakoo ni mahali pa biashara na wenye viwanja wana haki ya kula matunda ya viwanja vyao. Ninachouliza ni kimoja tu: siku nyumba inapobomolewa, sanduku lililokuwa chini ya kitanda cha bibi linakwenda wapi?

Mara nyingi jibu ni jepesi. Vyombo vinagawanywa, kitanda cha samadari kinapata mteja, picha mbili tatu za kwenye fremu zinachukuliwa na mtoto wa kwanza. Makaratasi yanabaki. Yanakwenda kwa wanunuzi wa karatasi kwa kilo, na kutoka hapo kuwa vifungashio vya karanga, au yanachomwa uani pamoja na magodoro.

Wapo waliofikiri tofauti, na wengine ni wa mbali sana na sisi. Isaiah Thomas, mpiga chapa wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1749, ni mmoja wao. Mwaka 1775, vita vya kumng'oa Mwingereza vilipokaribia kulipuka, alitorosha mtambo wake wa kuchapia kutoka Boston akaupeleka Worcester ili gazeti lake lisizimwe. Uzeeni akawa mtafutaji na mtunzaji wa maandishi ya kale, na mwaka 1812 akaanzisha huko Worcester chama cha kuhifadhi maandishi ya nchi yake, akakipa maktaba yake mwenyewe. Makaratasi yake binafsi yako humo hadi leo. Kwangu mimi, jambo la busara kuliko yote aliyofanya lilikuwa dogo: alimwendea muuza nyimbo mjini Boston, akanunua mamia ya karatasi za bei chee za nyimbo walizokuwa wakiimba watu wa kawaida, akazijalidi na kuandika kwamba anazihifadhi ili ije ionekane watu hao walikuwa wakipenda nini. Hakuna aliyekuwa akizithamini karatasi zile. Leo wanahistoria wanazisafiria.

Na Wamarekani hao hao walihifadhi hata habari zetu. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, alifika Zanzibar kama balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake. Aliandika shajara, alitunza barua, hesabu za pembe za ndovu, sandarusi na majora ya merikani. Makaratasi yake na ya wafanyabiashara wenzake yalirudi Salem, yakaingia katika makumbusho ya mji ule, na mwaka 1965 Norman Bennett na George Brooks walichapisha kitabu kinene cha barua na hesabu za namna hiyo, kuanzia mwaka 1802 hadi 1865. Ukitaka kujua Zanzibar ya wakati wa Sayyid Said ilinunua na kuuza nini, mlango mmojawapo mpana ni makaratasi hayo ya Salem. Waters alikuwa akifanya biashara kila siku na Jairam Shivji, msimamizi wa forodha, mtu mwenye nguvu kuliko yeye. Lakini ni Waters anayesikika zaidi, kwa sababu karatasi zake zilipata pa kulala.

Kwa hiyo turudi kwa Kleist, maana yeye ni jibu letu.

Alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa askari Mzulu kutoka Msumbiji, mmoja wa wale walioletwa na Mjerumani Hermann von Wissmann mwaka 1889 kupigana na Abushiri bin Salim, aliyewapinga Wajerumani Pwani. Kleist mwenyewe alikulia mikononi mwa Effendi Plantan, mkubwa wa askari hao, akasoma katika shule ya Wajerumani, na Vita Kuu ya Kwanza ikamkuta upande wa Jenerali von Lettow-Vorbeck. Baada ya vita, Tanganyika ilipokuwa chini ya Mwingereza, akaingia kazini Reli. Mtu mmoja, dola mbili, lugha kadhaa, na mji uliokuwa ukijengwa mbele ya macho yake. Hiyo peke yake ingetosha.

Lakini yaliyomo katika kumbukumbu zake yanakwenda mbali zaidi ya maisha ya mtu mmoja. Kleist ameeleza jinsi alivyokutana na Dk. James Kwegyir Aggrey, Mwafrika kutoka Gold Coast, aliyepita Dar es Salaam mwaka 1924 akiwa na Tume ya Phelps-Stokes iliyokuwa ikichunguza elimu. Aggrey alimhimiza juu ya Waafrika kuwa na chama chao cha kuwaunganisha. Mwaka 1929 African Association ikaundwa, Cecil Matola akiwa rais na Kleist katibu. Leo Mtaa wa Aggrey umejaa vitenge, simu na mabegi, na nadhani wauzaji wengi hawajui mtaa umebeba jina la nani wala kwamba mazungumzo yale yana shahidi aliyeandika.

Miaka michache baadaye Kleist yumo pia katika uongozi wa Al Jamiatul Islamiyya, jumuiya iliyojenga shule ili watoto wa Kiislamu wa mjini wasome elimu ya dunia bila kuiacha dini. Vyama hivi vilikuwa na daftari za wanachama, risiti za ada, barua za kuomba kiwanja, kumbukumbu za mikutano. Mwingereza alikuwa na nakala zake upande wake, na nyingi ya hizo tunazo: jalada la ofisi ya Mkuu wa Wilaya, na maoni ya karani wa Kizungu pembeni kwa wino mwekundu. Nakala ya upande wetu ndiyo adimu. Ukisoma jalada la serikali peke yake unapata chama kama kilivyoonekana kutoka dirishani kwa mtawala. Ukisoma Kleist unapata waliokaa ndani.

Wanawe waliendelea na tabia ile ile. Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, na mdogo wake Ally walipigana Burma katika King's African Rifles, wakarudi na fikra za watu walioona dunia. Abdulwahid alikuwa katibu wa chama cha makuli wa bandarini, kisha kiongozi wa TAA, yaani ile African Association iliyokuwa sasa Tanganyika African Association, makao makuu, pale New Street, ambayo sasa ni Mtaa wa Lumumba. Aprili 1953, katika ukumbi wa Arnautoglo, uchaguzi ulimpa urais Julius Nyerere, na tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU. Kadi nambari 1 ilikuwa ya Nyerere, nambari 2 ya Ally Sykes, nambari 3 ya Abdulwahid. Kadi hizo za mwanzo zina saini ya Ally.

Ally Sykes aliishi hadi mwaka 2013, na kwa miaka mingi alikuwa mlinzi wa makaratasi ya familia. Barua za baba, barua za TAA, nyaraka za miaka ya 1940 na 1950, vyote vilikaa kwake. Mohamed Said, mtoto wa Kariakoo aliyekulia miongoni mwa wazee hawa, alipofunguliwa nyaraka hizo aliandika kitabu kilichochapwa London mwaka 1998 juu ya maisha ya Abdulwahid Sykes, na baadaye tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka Nairobi. Kitabu kilizua mjadala ambao haujaisha. Wapo wanaopinga hitimisho lake kuhusu nani aliweka jiwe la msingi na nani aliachwa nje ya historia rasmi ya chama iliyoandikwa na Chuo cha Kivukoni mwaka 1981. Wabishane, ni haki yao. Ila mjadala wenyewe umewezekana kwa sababu familia moja haikuchoma makaratasi. Bila masanduku ya akina Sykes tungebaki na simulizi moja, na simulizi moja haina wa kuisahihisha.

Sasa jiulize ni familia ngapi za Kariakoo, Gerezani na Ilala zilikuwa na sanduku kama lile.

Mshume Kiyate alikuwa mfanyabiashara wa samaki sokoni Kariakoo, na mfuko wake ulikuwa wazi kwa TANU na kwa Nyerere siku za shida. Mtaa wa Tandamti sasa una jina lake. Erica Fiah, Mganda mwenye duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu mwaka 1937 na kuwasema Waingereza bila woga. Ramadhani Mashado Plantan aliendesha gazeti la Zuhra, lililobeba sauti ya TANU wakati chama hakina gazeti lake. Magazeti haya yalisomwa barazani kwa sauti, mmoja akisoma na kumi wakisikiliza, kisha yakafungiwa sukari. Anayetaka kuyasoma leo huyapata kwa kuunga kipande na kipande.

Na wanawake je? Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba kabla ya kuwa sauti ya TANU, na mwaka 1955 alipoanza kuwakusanya akina mama chamani, alipita kwa viongozi wa vikundi vya ngoma. Vikundi hivyo vilikuwa na michango, sare, mialiko, mashindano. Egyptian na Al-Watan, vyama vya taarab, vilikuwa na wanachama na daftari zao. Susan Geiger alipokuja kuandika habari za wanawake wa TANU, kitabu kilichotoka mwaka 1997, ilibidi ategemee zaidi midomo ya akina mama wenyewe. Alifanya vyema, na bahati aliwakuta hai. Wengi wao hatunao tena.

Niliwahi kukaa barazani na bibi mmoja wa Gerezani, jina lake nalihifadhi. Baada ya shikamoo na marahaba na chai ya tangawizi, alimwambia mjukuu, "Hebu mtolee mwenzio lile sanduku." Lilikuwa sanduku la bati la rangi ya kijani, kufuli halifungi, limekazwa kwa kamba ya katani. Juu kulikuwa na kanga mbili kuukuu. Chini yake bahasha: risiti za kodi ya kichwa za mumewe, zimekunjwa mara nne hadi mikunjo ikawa matundu; leseni ya baiskeli; picha ya studio ya wasichana watatu waliovaa sare ya harusi, nyuma imeandikwa kwa penseli majina mawili, la tatu limefutika; na daftari la shule la kurasa za mraba, lenye orodha ya waliochangia msiba, jina moja moja, na mbele ya kila jina shilingi au kibaba cha mchele. Nikamuuliza kwa nini ameliweka lile daftari miaka yote hiyo. "Hawa ndio walionizikia mume, mwanangu. Nikilitupa, nimewatupa wao."

Daftari lile lilikuwa na watu wa mtaa mzima. Mhindi mwenye duka la kona yumo, Mmanyema, Mzaramo, Mnyamwezi, fundi cherehani, mpishi wa Uzunguni. Hakuna jalada la serikali litakalokuonyesha mtaa wa Kariakoo ukiishi hivyo, nani akisaidiana na nani. Mwingereza aliugawa mji kwa kanda, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukawekwa katikati kama mpaka. Daftari la msiba halikujua mpaka.

Tunazo taasisi. Nyaraka za Taifa ziko Mtaa wa Vijibweni, Upanga, mwendo mfupi tu kutoka Kariakoo, na humo mna majalada ya Wajerumani na Waingereza yanayowaleta watafiti kutoka pande zote za dunia. Lakini kazi yake kubwa, na Sheria ya mwaka 2002 iliyoiunda upya, imejengwa hasa juu ya kumbukumbu za serikali. Mlimani, maktaba ya Chuo Kikuu ina mkusanyiko wa Afrika Mashariki wenye makaratasi ya Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, aliyekusanya habari za jando, sheria za kimila na sanamu za unyago. Humo pia mna miswada ya Kiswahili na Kiarabu iliyokusanywa na J.W.T. Allen, ambaye orodha yake ilichapwa mwaka 1970. Nawashukuru wote wawili. Hata hivyo inaniuma kwamba mtu akiniuliza makaratasi binafsi yaliyotunzwa vizuri nchini, majina yanayokuja upesi mdomoni ni ya Mwaustria na Mwingereza.

Jirani zetu wa Lamu wameonyesha njia. Msikiti wa Riyadha, uliojengwa na Habib Saleh, una miswada yake ya zamani, na kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini, miswada hiyo ilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Picha zinasomwa popote duniani. Miswada yenyewe haikuondoka Lamu. Hilo ndilo jibu kwa mzee anayehofia, na ana haki ya kuhofia, kwamba akimpa mtu karatasi zake hatarudishiwa.

Wakati tukisubiri mpango kama huo, kuna mambo ambayo yeyote mwenye sanduku anaweza kuyafanya wikendi hii. Litoe sakafuni, mchwa na maji ya mvua huanzia chini. Toa karatasi katika mifuko ya plastiki, maana joto letu na unyevu wa bahari huzitoa jasho humo ndani mpaka ukungu ushike. Zifunge katika kitambaa cha pamba kisicho na rangi, na merikani ya jora inafaa kabisa. Usigundishe palipochanika kwa selotepu, kwani gundi yake hugeuka kahawia na kula maandishi. Na nakuomba sana, usipeleke cheti cha babu kwenye duka la steshenari wakakiweke plastiki ya moto. Ile hairudi nyuma, karatasi imeshapikwa. Chukua simu yako, kaa karibu na dirisha mchana, piga picha kila ukurasa na mgongo wake. Kisha keti na mkubwa wa nyumba, muulize kila picha ni nani na mwaka gani, uandike nyuma kwa penseli nyororo, si kwa kalamu ya wino. Jina la yule msichana wa tatu wa Gerezani bado hakuna anayelikumbuka.

Usichague karatasi kwa ukubwa wa jina la mwenyewe. Kadi ya mwaliko wa harusi, tangazo la dansi Arnautoglo, tiketi ya mechi ya Yanga na Sunderland kabla haijawa Simba, daftari la madeni la muuza duka wa Mtaa wa Congo, vyote ni historia ya mji. Tarehe 10 Julai 2021 moto uliteketeza soko kuu la Kariakoo, lile jengo la Beda Amuli lililofunguliwa mwaka 1975, na wafanyabiashara walilia mizigo yao. Zilizoungua pia ni daftari zao, na hizo hakuna bima iliyozilipa.

Wito wangu kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa na kwa Chuo Kikuu ni huu: msiwasubiri wazee wapande daladala kuwafuata Upanga na Mlimani. Leteni meza, mashine ya kuskani na vijana wenye adabu, mkae wiki moja Mnazi Mmoja. Mtu aje na sanduku lake, karatasi zipigwe picha akiona, asajiliwe jina lake kama mwenye mali, na aondoke na kila alichokuja nacho pamoja na nakala. Anzeni mwaka huu, kabla mabati hayajazungushwa kwenye nyumba zilizobaki.